Anayeamua Kitoke Nini Rafuni

Kazi ya kupanga bidhaa dukani ina balaa moja: inaonekana rahisi. Mteja akiingia supamaketi akakuta sabuni zimejipanga mstari, hafikirii kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua ziwe aina sita badala ya kumi na moja, za kilo ziwe chini, za vipande ziwe usawa wa macho, na ile ya bei nafuu iwe pale ambapo lazima uiname. Anachukua sabuni yake, anaenda zake. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini mimi ni mfagiaji wa duka, na kila nilipomtumia pesa alishangaa jinsi wafagiaji wa siku hizi wanavyolipwa.

Sasa naongoza wanunuzi, yaani wale wanaoliagizia duka mali, na wapanga bidhaa wa matawi ya Pwani, na vijana wanaosimama rafuni hunivuta pembeni kuniuliza njia. Wengi wanatarajia nitaje chuo au cheti. Vyeti nitavigusa huko mbele kwa ufupi. Lakini ninachowaambia siku zote ni kwamba katika biashara hii unaanza kuhesabiwa kiongozi unapoaminiwa kuamua bidhaa gani itoke. Kuingiza bidhaa mpya hakuna ubingwa, kila msambazaji anakuja na sampuli na tabasamu. Kutoa ndiko kunakohitaji hesabu, uso mkavu na kumjua mteja wa tawi husika.

Nilianza kama wengi wanavyoanza Kenya, nikiwa si mfanyakazi wa duka hata kidogo. Kampuni ya majani ya chai iliniajiri kupitia wakala, ikanipeleka kusimama katika supamaketi moja ya Mombasa nikiwa na aproni yenye jina la chai hiyo. Mshahara unatoka kwa kampuni, likizo unaomba kwa wakala, amri unapewa na meneja wa tawi. Ukikosewa, hujui umshtaki nani kwa nani.

Asubuhi kabla milango haijafunguliwa unashusha katoni kutoka stoo. Unazipasua kwa kisu kidogo, ukichunga usikwaruze pakiti za juu. Unavuta za zamani mbele, unatia mpya nyuma, na unasoma tarehe ya kuisha ya kila moja, kwa sababu maghala huchanganya na katoni iliyofika leo yaweza kuwa na tarehe ya karibu kuliko iliyofika juma lililopita. Unapangusa vumbi. Unahakikisha lebo ya bei iko chini ya bidhaa yake na kwamba bei hiyo ndiyo iliyo kwenye mashine ya kaunta. Hili la mwisho lina ugomvi wake: mteja akitozwa shilingi tano zaidi ya alizosoma, atamfokea keshia, na keshia atakuja kukufokea wewe.

Halafu kuna suala la mipaka. Rafu ni kama shamba la urithi: mpaka haujaandikwa popote, kila mtu anaujua, na jirani hulala akiupigia hesabu. Jirani yangu alikuwa kijana mcheshi wa Kisauni aliyesimamia chai ya washindani. Akiona nimekwenda kula, anapachika pakiti zake mbili kwenye nafasi yangu. Nikirudi namtolea, tunacheka, kesho yake tena. Nilipokuja kukaa upande wa ofisi ndipo nilipoona kwamba zile sentimita tulizokuwa tukinyang'anyana zilikuwa zimeshaafikiwa kwa mkataba na watu tusiowajua, na sisi wawili tulikuwa tukipigania kisicho chake wala changu.

Kilichonitoa pale ni daftari. Niliandika saa ambayo kila ukubwa wa pakiti unakwisha. Haikuwa agizo la mtu, ilikuwa ni kuchoka kusimama bure. Baada ya majuma kadhaa nikaona jambo: pakiti ndogo, zile ambazo mama anayelipwa kwa wiki anaweza kuzinunua bila kufikiria mara mbili, zilikwisha Jumamosi adhuhuri. Oda ilikuwa inaletwa Jumatatu. Kwa hiyo kila wiki, saa ambazo duka linajaa kuliko saa nyingine zote, sehemu ile ilikuwa wazi. Ripoti ya kompyuta haikuliona tatizo. Ripoti huhesabu kilichouzwa, na kilichokosekana hakina risiti.

Meneja wa tawi alikuwa mtu mzima mkimya ambaye sote tulimwita Mzee. Nikamfuata ofisini kwake nyuma ya stoo ya vinywaji.

"Shikamoo, Mzee. Naomba dakika mbili."

"Marahaba. Waja kuomba ruhusa tena?"

"La, Mzee. Nimekuja kukuonyesha Jumamosi."

Alisoma daftari taratibu, kidole kikishuka na mistari. Akauliza kama pakiti kubwa nazo huisha. Nikamwambia haziishi, nyingine zinakaa mwezi mzima. Akasema basi punguza kubwa, ongeza ndogo, nafasi iko. Nikamjibu kwamba kampuni yangu haitakubali kwa kuwa kubwa ndizo zenye faida nzuri kwao. Aliniangalia juu ya miwani.

"Kwani mwanangu, wewe wamfanyia nani kazi?"

Tulizipunguza. Bidhaa ya kwanza niliyowahi kuitoa rafuni, basi, ilikuwa ya mwajiri wangu mwenyewe. Kampuni ilinung'unika wiki chache mpaka mauzo ya jumla ya chai yao katika tawi lile yalipopanda, kisha wakanyamaza kama watu wasiokuwa wamesema kitu. Na Mzee akapeleka jina langu kwa watu wa uajiri. Nikavua aproni ya chai, nikavaa shati la duka.

Kuruka kutoka kwa msambazaji kuingia dukani ndiko kugumu kuliko ngazi zote zinazofuata, na nitasema jambo ambalo wenzangu wa ofisini hawatalipenda. Supamaketi zetu zimezoea kuokoa mishahara kwa kuwaachia wasambazaji walete mikono ya kupanga rafu. Matokeo yake, anayeijua rafu si wa duka, na mnunuzi ambaye ni wa duka anaijua rafu kupitia picha za WhatsApp. Katikati hapana mtu. Kijana anayetaka kupanda hana ngazi ya kukanyaga, na kampuni ikitafuta meneja wa kitengo inaishia kumchukua mtu wa benki anayejua sana jedwali la Exceli lakini hajawahi kushika katoni iliyolowa maji. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo. Wapo waliojifunza haraka, kwa sababu walikubali kushuka. Wengine wangali wanaagiza kila tawi lipewe bidhaa zilezile kwa kiasi kilekile.

Ukiwa bado chini, jitolee kuhesabu mali usiku. Kazi hii hukimbiwa na kila mwenye udhuru. Lakini ni usiku huo peke yake ambapo mtu wa chai anapata kuona kitengo cha rangi za kucha, maziwa, betri na vyombo vya plastiki, na anakutana na katoni zilizosahauliwa juu ya rafu za stoo tangu meneja aliyepita. Mali iliyolala ina harufu yake. Ukishaijua, huwezi tena kusikia neno "ofa" bila kujiuliza ni nini wanataka kukisukuma.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo lugha ya kikaoni. Ukinunua kitu kwa shilingi 80 ukakiuza 100, umeongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, lakini faida yako katika mauzo ni asilimia 20. Wapo watu wenye ofisi na kiti cha kuzunguka wanaochanganya hizi mbili, kisha wanatoa punguzo la asilimia 25 wakidhani watatoka sare. Wanauza kwa 75 walichonunua kwa 80.

Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Ya pili ni mzunguko. Chukua mfano wa unga na manukato. Tuseme pakiti ya unga umeinunua 95 unaiuza 100, shilingi tano tu. Umeweka pakiti 200, mtaji wa shilingi 19,000, na kila wiki zinakwisha. Unapata 1,000 kwa wiki, 52,000 kwa mwaka. Manukato umenunua chupa kwa 600, unauza 1,000, shilingi 400 nzima. Umeweka chupa 30, mtaji wa 18,000, zinachukua miezi sita kumalizika. Kwa mwaka ni 24,000. Mtaji karibu ni uleule, na kile ulichokidharau kimekuletea zaidi ya mara mbili. Ndiyo, unga unakula nafasi kubwa ya sakafu na manukato yanakaa kwenye kabati dogo lenye kufuli, na ukipiga hesabu kwa kila mita ya rafu picha itabadilika tena. Ndiyo maana kiongozi wa kitengo haulizwi faida ya kitu kimoja. Anaulizwa pesa imefungwa wapi, kwa muda gani, na kila mita inazaa nini. Na mtu anayekuja kununua unga ndiye huyohuyo anayepita mbele ya kabati la manukato, jambo ambalo jedwali halitakuambia.

Kuna ya tatu inayoua makampuni. Unga ule wa wiki moja, msambazaji wake humlipi wiki hiyo. Unamlipa baada ya siku 30, au 60, kulingana na makubaliano. Kwa hiyo supamaketi daima imeshika pesa za watu. Ukizilinda ukawalipa kwa wakati, ni baraka ya biashara. Ukizijengea matawi mapya, umeanza safari isiyo na breki.

Wakenya tuliitazama safari hiyo ikiishia pabaya hadharani. Nakumatt, kampuni ya supamaketi iliyoanzia Nakuru kwenye biashara ya magodoro, ilifika zaidi ya matawi 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 mapengo yakaanza kuonekana rafuni kwa kuwa wasambazaji wasiolipwa waliacha kuleta mali. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Uchumi, kampuni nyingine ya supamaketi iliyoanzishwa 1975, ilikuwa imeshafunga milango Juni 2006, ikafufuliwa, kisha 2015 ikajiondoa Uganda na Tanzania. Tuskys ikafuata njia hiyo kuanzia 2020. Magazeti yaliandika juu ya madeni, familia na mahakama. Sisi wa rafuni tunatazama kitu kingine. Ukiingia duka lolote ukakuta mita nne za rafu zimejazwa tishu na maji ya chupa peke yake, zimetandazwa zikavutwa mbele ili nyuma pasionekane, duka hilo linadaiwa. Ni ishara isiyohitaji mhasibu.

Mwaka huo wa 2017 ulitufunza mambo kwa mkupuo. Mei serikali ilileta unga wa ruzuku, shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili, na foleni zikafika nje. Swali la kupanga bidhaa likawa ghafla swali la usalama: unga ukiuweka mwisho wa duka, watu watabomoa rafu za chupa njiani, ukiuweka mlangoni, wasioununua hawawezi kuingia. Tuliutoa ndani kabisa tukauuzia upande wa kupokelea mizigo, kwa kaunta yake, wazee na wenye watoto mgongoni wakiwa na mstari wao. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Agosti, marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza, na kitu tulichokuwa tukikitoa bure kikawa bidhaa yenye bei, msimbopau na nafasi yake kaunta. Mikoba ya kitambaa ilikula nafasi ya peremende. Watoto walilalamika, wazazi wakatushukuru.

Turudi kwenye kutoa. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly huko Memphis, Marekani, akawaruhusu wateja wazunguke wajichukulie. Kabla ya hapo duka lilikuwa kaunta na mtu nyuma yake, kama duka la mtaa wako hadi leo: unamwambia shida yako, anakuchagulia, anakuonya kwamba ule mchele haupikiki pilau. Ukimwondoa mtu huyo, rafu ndiyo inayobaki kumshauri mteja, na rafu yenye aina 14 za tambi haimshauri chochote. Mteja anasimama, anachanganyikiwa, anachukua ile aliyoizoea au anaondoka. Kazi yangu ni kumpunguzia mzigo huo, na kila bidhaa ninayoiondoa ina mtu nyuma yake.

Nakumbuka mama mmoja kutoka upande wa Kilifi aliyetengeneza achari ya embe. Achari yenyewe tamu, naisema bila kuhongwa. Alikuwa nayo katika chupa za saizi tatu kwenye matawi yetu yote. Takwimu zikaonyesha kwamba saizi kubwa haitembei popote, na kwamba mbali na Mombasa, Kilifi na Malindi hata ndogo inadoda. Alipoitwa ofisini alikuja amevaa buibui lake la kutokea, na chupa ya zawadi mkobani.

"Shikamoo, Mama. Karibu uketi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wataka kunitoa."

"Sikutoi, Mama. Nataka tupunguze. Hebu tazama hapa."

Nikamgeuzia skrini. Nilimwonyesha tawi moja la bara ambako chupa zake 24 zilikuwa zimeuzwa mbili. Alinyamaza. Kisha akaniuliza swali la mfanyabiashara hasa: "Na hizo 22, nazilipia usafiri kuzirudisha?" Nilimwambia hapana, tuliziagiza wenyewe, tutaziuza kwa bei ya chini kwa hasara yetu. Tukabaki na saizi moja katika matawi manane ya Pwani, na masharti ya kumlipa ndani ya wiki mbili, kwa sababu mtu wa kiwango chake akingoja siku 60 hana pesa ya kununulia embe msimu ukifika. Mkubwa wangu wa Nairobi alitaka tumtoze ada ya kubaki rafuni kama wengine. Nilikataa, na nilikuwa na takwimu za kukatalia: kwa mita, achari ile ndogo ilikuwa inazaa kuliko ya kiwanda iliyokaa kando yake. Ya kiwanda tukaipunguzia nusu ya nafasi.

Mambo haya ya ada na kuwaondoa watu kwa ghafla si tena suala la roho nzuri ya mnunuzi. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, wanaoendesha Carrefour nchini, faini ya karibu shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu za mnunuzi dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kampuni ilipinga uamuzi huo. Vyovyote iwavyo mahakamani, mnunuzi wa leo anapaswa kujua kwamba barua pepe anayomwandikia msambazaji saa kumi na moja jioni akiwa na hasira inaweza kusomwa na mtu wa serikali. Ninawafundisha wangu kutoa notisi kwa maandishi, yenye takwimu, na muda wa kumaliza mali. Ni adabu, na siku hizi pia ni kinga.

Upande wa pili wa nguvu hiyo ni chai, na sizungumzii ile ya aproni. Ukishakuwa na kalamu ya kutoa, watu wanakukumbuka. Kikapu cha Krismasi, vocha ya mafuta, harusi ya mdogo wako inachangiwa na mtu uliyemwona mara mbili. Nimewahi kuletewa mbuzi hadi nyumbani, hai, kamba shingoni, na dereva asiyejua kampuni iliyomtuma. Alirudi naye. Katika timu yangu kila zawadi inapelekwa mapokezi, inaandikwa, na mwisho wa mwaka zinagawiwa kwa bahati nasibu kwa wafanyakazi wa usafi, walinzi na keshia. Wapo waliosema ninajifanya mtakatifu. Sijifanyi. Nimewaona wanunuzi wenye akili kunizidi wakipotea kwa kitu cha bei ya simu, kwa sababu ukishapokea huwezi tena kumtoa mtu, na mnunuzi asiyeweza kutoa ni karani wa kuandika oda.

Kuhusu vyeti: kozi ya ununuzi na ugavi inasaidia, Exceli ni lazima, na Kiingereza cha kikaoni utakihitaji kwa kuwa huko juu ndicho kinachotumika. Tangu wawekezaji wa nje waingie kwenye maduka yetu, kama kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius lilivyonunua asilimia 40 ya Naivas mwaka 2022, maswali yanayoulizwa kikaoni yamekuwa makali na nafasi za mameneja wa vitengo zimekuwa rasmi zaidi. Huo ni mlango. Lakini cheti hakikufundishi mwezi.

Nasema mwezi kwa maana ya mwandamo. Mfumo wa kompyuta wa Nairobi hulinganisha mauzo ya mwezi huu na mwezi huu wa mwaka jana. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2019 ilianza mapema Mei, mwaka 2020 ikaanza mwishoni mwa Aprili. Kwa hiyo katika ripoti tende za Pwani zilifanya muujiza Aprili na zikaanguka Mei, na nikapigiwa simu kuulizwa nimefanya nini. Ongeza kwamba mwaka ule kuingia na kutoka Mombasa kulikuwa kumezuiwa tangu Aprili kwa sababu ya korona, malori ya mizigo pekee ndiyo yanapita, na futari watu wanapika nyumbani kuliko wakati wowote. Tangu hapo timu yetu ina kalenda yake. Tunahesabu wiki kuelekea mwandamo, halafu tunaweka juu yake tarehe za mshahara, na hapo ndipo penye siri. Ramadhani ikianza mwanzo wa mwezi, kama ilivyokuwa Machi 2025, mfuko umejaa: watu wanachukua mchele wa kilo 25, sukari kwa bando, tende kwa katoni. Ikianza katikati ya mwezi, ununuzi wa kwanza unafanywa kwa pesa za mwisho, na anayeweka katoni kubwa mbele atazitazama mpaka tarehe 30.

Ramadhani ya 2026, mwezi ukiandama kama unavyotarajiwa, itaanza karibu na tarehe 18 Februari. Ni siku kumi hivi kabla ya mshahara, na ni Februari ya wazazi waliomaliza pesa kwa karo na sare za Januari. Tarehe hiyohiyo 18 ni Jumatano ya Majivu, Wakatoliki nao wanaanza Kwaresima. Nyama itapungua pande zote mbili mchana, dengu, mbaazi, samaki na tui la pakiti vitapanda, na tende tutaziweka za nusu kilo na robo kilo usawa wa macho, zile za kilo tano zikae stoo mpaka mshahara uingie.

Shida ni nafasi. Wakati huo vichwa vya rafu vyote, zile ncha zinazotazama njia kuu, vitakuwa bado na vitu vya kufungua shule. Mimi napendekeza zitoke chupa za maji na mikebe ya chakula ya watoto, kwa kuwa aliyehitaji atakuwa ameshanunua Januari. Msimamizi wangu wa Malindi anasema mikebe ibaki, yatoke madaftari makubwa, maana kwake watu wa boda na wavuvi hubebea chakula mikebe hiyohiyo ya watoto, na ana hesabu za miaka miwili. Wa Nyali anataka tuondoe mishumaa ya manukato na maua ya Valentino usiku wa tarehe 14 uleule, ingawa mkataba na msambazaji unasema vikae hadi mwisho wa mwezi. Kikao ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na nimemwambia kila mmoja aje na takwimu za tawi lake.